Kutoka chumba cha habari hadi Palazzo Chigi: ushauri kwa wanaoanza kuandika siasa za Italia

Tangu iwe jamhuri mwaka 1946, Italia imepitia serikali 68, na hii ya Giorgia Meloni iliyoapishwa Oktoba 2022 ndiyo ya 68. Ukigawanya utaona kila moja imekaa kwa wastani wa mwaka mmoja na ushei. Kwa mwandishi wa siasa anayewaza siku moja kuhamia upande wa pili, awe msemaji au mshauri wa mawasiliano wa waziri mkuu pale Palazzo Chigi, hesabu hiyo ni ya kuiweka kichwani kabla ya nyingine zote. Serikali utakayoitumikia itaondoka, wewe utabaki. Utarudi kwenye korido zilezile, ukutane na waandishi walewale uliowapigia simu saa tano usiku kukanusha habari zao, na wao wana kumbukumbu ndefu.

Nimefuatilia siasa za Roma kwa miaka mingi nikiandikia vyombo vya nyumbani kwa Kiswahili, na nimewaona watu wakivuka kwenda serikalini na kurudi. Vijana wetu wanaokuja kusoma uandishi Italia, na wengine wanaoanza kuandika wakiwa bado nyumbani, huniuliza njia ya kufika huko. Wengi wanadhani ni suala la kufahamiana na wakubwa. Kufahamiana kunasaidia kuingia, sikatai, lakini walioingia na wakatoka wakiwa bado na jina ni wale ambao neno lao liliaminika na waandishi wa habari hata lilipokuwa neno la kukataa kusema. Haya ninayoandika hapa chini yanazunguka jambo hilo moja.

Anza na uandishi wenyewe, na uanze kwa kujua sheria. Italia uandishi wa habari una daftari lake. Sheria namba 69 ya Februari 1963 iliunda Ordine dei giornalisti, chombo kinachosajili waandishi kwa makundi mawili. Kuna waandishi wa kulipwa ambao hiyo ndiyo kazi yao pekee, na kuna wachangiaji wanaoandika kwa malipo huku wakiwa na shughuli nyingine. Kuingia kundi la kwanza unafanya mafunzo ya kazi ya miezi 18, kisha mtihani wa taifa wa kuandika na wa mdomo. Kundi la pili linadai uthibitisho kwamba umeandika kwa malipo, mfululizo, kwa miaka miwili. Wageni nao wana orodha yao maalumu. Msidharau makaratasi haya. Baadaye nitaeleza kwa nini ofisi za habari za serikali zinayauliza.

Wageni wengi huanzia pia Stampa Estera, chama cha waandishi wa kigeni kilichoanzishwa 1912. Siku hizi kiko Palazzo Grazioli, jumba ambalo Silvio Berlusconi, waziri mkuu wa zamani, alilipanga kwa miaka mingi na kulifanya makao yake ya Roma. Vyumba alimokuwa akiwapokea wanasiasa wake ndimo leo waandishi wa kigeni wanamoulizia maswali. Roma ina ucheshi wake.

Halafu nenda Montecitorio, kwenye Bunge, ukajifunze kusimama. Ninaposema kusimama namaanisha kusimama kweli, kwa miguu, masaa. Nje ya ukumbi wa vikao kuna ukumbi mrefu unaoitwa Transatlantico, kwa sababu samani zake zilitengenezwa na kampuni ya Ducrot ya Palermo, waliokuwa wakipamba pia meli kubwa za kuvuka bahari. Hapo ndipo wabunge na waandishi hukutana bila kipaza sauti. Mwanagenzi huingia na kijitabu akitafuta wa kumhoji. Mzoefu anaangalia nani anaongea na nani, nani ametoka ukumbini kabla ya kura, nani amekwepa kumsalimia mwenyekiti wa chama chake. Habari ya kesho iko kwenye mwendo wa miguu ya watu, na ukishaijua utajua swali la kuuliza.

Hapo pia utakutana na mtego wa kwanza wa kazi hii. Magazeti ya Italia yanapenda sana aina ya makala inayoitwa retroscena, habari za nyuma ya pazia: waziri mkuu alimwambia nani nini faraghani, kwa alama za kunukuu, na mara nyingi mwandishi hakuwepo. Amesimuliwa na aliyesimuliwa. Mhariri atakuomba hiyo makala saa kumi na mbili jioni na atataka nukuu zenye moto. Mimi siwaambii msiandike retroscena, maana bila hiyo hakuna atakayewaajiri kwenye dawati la siasa. Nasema jina lako lisijengwe kwa sentensi ambazo masikio yako hayakuzisikia. Andika kwamba umeelezwa na mtu aliyekuwepo, bila kumtaja, na acha alama za kunukuu. Utaonekana mkavu kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo wanasiasa wataanza kukupigia wenyewe, kwa sababu wanajua hutawatia maneno mdomoni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa mwandishi aliyepanda kwa kuangalia vizuri ni Filippo Sensi, mzaliwa wa Roma wa mwaka 1968. Alikuwa naibu mhariri wa Europa, gazeti dogo la kisiasa lenye wasomaji wachache. Mwaka 2011, wakati Uingereza ilipokuwa ikijadili uhusiano wa waziri wake wa ulinzi Liam Fox na rafiki yake Adam Werritty, ambaye hakuwa mtumishi wa serikali lakini alionekana kila penye mikutano, Sensi akiwa Roma alichimbua video iliyokuwa wazi kwenye intaneti, inayomwonyesha Werritty kwenye mkutano na rais wa Sri Lanka. Magazeti ya London yaliichukua. Fox alijiuzulu Oktoba ile. Hakukuwa na chanzo cha siri wala bahasha. Kilichohitajika ni mtu mwenye subira ya kuangalia video kwa makini, akijua anachokitafuta.

Ninyi mnaoanza kwenye redio ndogo au tovuti isiyojulikana, tazameni hapo. Udogo wa chombo chako si kilema ikiwa unasoma na kutazama vitu ambavyo wakubwa wanaona vinachosha: hotuba nzima badala ya muhtasari wake, jedwali la mwisho la bajeti, kumbukumbu za kamati ya Bunge. Mshauri mzuri wa mawasiliano baadaye ni yuleyule mwandishi aliyekuwa anasoma kiambatisho.

Sensi akawa msemaji wa Matteo Renzi, kwanza kwenye chama cha Partito Democratico, kisha Palazzo Chigi kuanzia 2014, Renzi alipokuwa waziri mkuu. Renzi alipoondoka Desemba 2016 na Paolo Gentiloni akaingia, Sensi alibaki. Ukiwajua watu hao wawili utaelewa ugumu wake. Renzi ni wa kasi, wa maneno makali, anayependa kuwa habari ya kwanza kila siku. Gentiloni ni mtaratibu, wa sauti ya chini, ambaye siku yake njema ni ile isiyo na habari yoyote. Msemaji yuleyule akabadilisha mapigo. Hapa pana somo la ufundi ambalo shule haifundishi: sauti unayoiandikia ni ya bosi, si yako. Ukiona taarifa zote za ofisi zinafanana na namna unavyoandika wewe, kuna kitu kimepinda.

Lakini kipindi cha Renzi kina somo jingine, zito zaidi. Mwaka 2016 serikali yake ilipeleka mabadiliko ya katiba kwenye kura ya maoni. Renzi akasema mara kadhaa kwamba akishindwa ataondoka. Tangu hapo watu wengi hawakupigia tena kura kipengele cha Seneti au mgawanyo wa madaraka na mikoa, walipigia kura Renzi mwenyewe, abaki au aondoke. Tarehe 4 Desemba upande wa Hapana ulipata asilimia 59, na usiku uleule akatangaza kujiuzulu. Sijui washauri wake walimwambia nini chumbani na siwezi kubuni. Ninachowaambia ninyi ni hiki: bosi akitaka kuweka kichwa chake rehani kwa ajili ya sera, ni kazi yako kumwambia hapana, mapema, ana kwa ana, na kabla hajatamka mbele ya kamera. Akishatamka, kazi yako inageuka kuwa ya kuhesabu siku. Wasaidizi wengi hunyamaza kwa sababu sentensi inapendeza. Sentensi zinazopendeza ndizo za kuziogopa.

Sasa tuje kwenye ile sheria niliyoiahidi. Sheria namba 150 ya Juni 2000 ndiyo inayopanga mawasiliano ya ofisi za umma za Italia, na inatenganisha kazi mbili ambazo wengi wetu tunazichanganya. Kuna ofisi ya habari, ambayo watu wake wanatakiwa wawe kwenye daftari la waandishi. Wao wanahudumia taasisi. Na kuna msemaji, portavoce, ambaye anateuliwa na kiongozi mwenyewe na anafungamana naye kisiasa. Sheria inamkataza msemaji, kwa muda wote wa kazi hiyo, kufanya shughuli za redio na televisheni, uandishi wa habari na uhusiano wa umma. Kwa maneno mengine, ukikubali kuwa msemaji unaweka kalamu kabatini. Hakuna safu ya Jumapili, hakuna kipindi, hakuna kazi ya ushauri wa pembeni kwa kampuni ya rafiki.

Tanzania tumezoea Msemaji Mkuu wa Serikali anayeongoza idara, Idara ya Habari MAELEZO, na idara ipo leo na kesho hata mtu akibadilika. Palazzo Chigi msemaji ni mtu wa mtu. Waziri mkuu akianguka Jumanne, Jumatano unakusanya vitu vyako. Kwa hiyo kabla ya kusaini jiulize unataka ipi kati ya hizo mbili. Mtu mwenye familia changa na mkopo wa nyumba namshauri ofisi ya habari. Haina umaarufu, ila ina mshahara unaovuka serikali moja hadi nyingine, na kule ndani utajifunza jinsi dola inavyoandika barua, ujuzi ambao huwezi kuupata ukiwa nje.

Wapo waliovuka kwa kelele. Rocco Casalino, msemaji wa waziri mkuu Giuseppe Conte kuanzia 2018 hadi 2021, ni mhandisi kwa masomo, aliyezaliwa Ujerumani katika familia ya wahamiaji wa Kiitaliano, na Waitaliano walimjua kwanza mwaka 2000 kama mshiriki wa msimu wa kwanza wa Grande Fratello, kile kipindi cha watu kufungiwa nyumba moja wakirekodiwa usiku na mchana. Baadaye akafanya uandishi wa televisheni, akaingia chama cha Conte, Movimento 5 Stelle. Wazee wa Transatlantico walimdharau sana kwa ajili ya historia hiyo. Kwa maoni yangu walimdharau kwa sababu isiyo sahihi. Mtu aliyekaa ndani ya kipindi kama kile anajua kamera inataka nini kuliko profesa yeyote wa mawasiliano, na ujuzi huo ulionekana.

Kosa la kujifunza kutoka kwake liko kwingine. Septemba 2018 sauti aliyowatumia waandishi kwa simu ilivuja. Ndani yake alikuwa akisema kwamba maofisa wa wizara ya fedha wasipopata pesa za mpango wa kipato kwa raia, watakiona mwaka unaofuata. Casalino alisema yalikuwa mazungumzo binafsi na hayakupaswa kutangazwa. Inawezekana kabisa ana hoja ya kimaadili. Lakini habari ilikuwa imeshazunguka nchi, na Conte akalazimika kujitokeza kusema bado ana imani naye. Msemaji akishakuwa habari, kazi yake siku hiyo haifanyiki, na bosi ndiye anayemsemea. Kwa hiyo kanuni za simu ni hizi, na mimi sina mzaha nazo: usitume sauti. Usitume maandishi ukiwa na hasira. Ukitaka kusema jambo lisiloandikwa, mkubaliane kwanza kwa maneno ya wazi kwamba haliandikwi, kisha ulisemee uso kwa uso kwenye kahawa. Ukimaliza kulisema ndipo ukaomba lisiandikwe, umechelewa. Mwandishi hana deni kwako.

Kipindi cha korona ndicho chuo kikuu cha kazi hii, na nawashauri mkisome siku kwa siku kwenye magazeti ya zamani. Jumamosi tarehe 7 Machi 2020, jioni, rasimu ya amri ya waziri mkuu ya kufunga Lombardia na mikoa midogo kadhaa, mingi ya kaskazini, ilivuja na kuchapishwa kabla haijasainiwa. Watu wakakimbilia vituo vya treni vya Milano ili wawahi kushuka kusini kwa jamaa zao, yaani walikimbia na kile ambacho amri ilitaka kukizuia. Conte alizungumza na waandishi usiku wa manane kuthibitisha. Karatasi ile ilikuwa imepelekwa kwa watu wengi kwa mashauriano, kama taratibu zinavyotaka, na rasimu inayopita ofisi nyingi ni maji kwenye pakacha. Basi mshauri asipoteze muda kumsaka aliyevujisha. Kabla rasimu haijaondoka mezani awe ameshaandika maelezo ya kurasa mbili: nini kinafungwa, lini, nani anaruhusiwa kusafiri, nambari gani ya simu. Ikivuja saa mbili usiku, saa mbili na robo maelezo yako yawe yameshafika ANSA, shirika la habari.

Majuma mawili baadaye, tarehe 21 Machi, Conte alitangaza moja kwa moja kwenye Facebook, karibu na saa sita usiku, kwamba viwanda visivyo vya lazima vitafungwa. Amri yenyewe ilitoka siku iliyofuata. Katikati hapo mamilioni ya wafanyakazi hawakujua kama kiwanda chao ni cha lazima au la, na waandishi wakalalamika kwamba wanaona tangazo kama watazamaji bila nafasi ya swali. Mimi niko upande wa waandishi katika hili, na si kwa upendeleo wa kikazi. Swali la mwandishi lingesaidia serikali usiku ule. Mtu mmoja angeuliza, je, karakana ya vipuri inafungwa? Na waziri mkuu angegundua pale pale kwamba orodha haijakamilika. Usimpeleke bosi hewani bila maandishi ya sheria mkononi, hata kama watazamaji wanasubiri.

Nitataja Cutro pia, ingawa ni habari ya huzuni. Tarehe 26 Februari 2023 mashua ya wahamiaji ilipasuka karibu na ufuko wa Steccato di Cutro, Calabria, wakafa watu wasiopungua 94, wakiwemo watoto wengi. Rais Sergio Mattarella alikwenda Crotone tarehe 2 Machi, akasimama mbele ya majeneza, hakuhutubia. Tarehe 9 Machi serikali ya Meloni ilifanya kikao chote cha baraza la mawaziri Cutro kwenyewe, ikaleta sheria mpya dhidi ya wasafirishaji wa watu, kisha mkutano na waandishi ukawa wa vuta nikuvute. Waziri mkuu alisema watawasaka wasafirishaji hao dunia nzima, kwa maneno ya Kiitaliano cha kale yaliyogeuka utani mitandaoni kwa miezi. Lawama kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwamba siku hiyo hawakwenda kwenye majeneza.

Mkuu mpya wa ofisi ya habari wakati huo, aliyekuwa na siku chache tu kazini, alikuwa Mario Sechi, mwandishi mkongwe kutoka Sardinia, aliyeongoza gazeti la Il Tempo na shirika la habari AGI. Mwaka huohuo alirejea magazetini, akawa mhariri mkuu wa Libero. Simbebeshi yeye uamuzi wa Cutro; maamuzi ya namna hiyo hufanywa na wanasiasa. Nataka muone tu kwamba hata mwandishi mwenye uzoefu wa kuongoza vyombo vikubwa hukuta kazi tofauti kabisa humo ndani. Mhariri mkuu anaamua ukurasa wa kwanza. Mshauri anapendekeza, na pendekezo lake linashindana na la waziri, la mlinzi, la mtu wa itifaki na la ratiba ya ndege. Ukiwa na kiburi cha mhariri utachoka mapema. Na penye msiba, pendekezo la kwanza liwe la kwenda kwa wafiwa. Maneno yatafuata, au yasifuate.

Tukizungumzia kusikilizwa, kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Januari 2024 Meloni aliwakusanya viongozi wa Afrika Roma, kwenye Seneti, kuzindua kile alichokiita Mpango wa Mattei, kwa jina la Enrico Mattei mwanzilishi wa kampuni ya mafuta ya Eni. Ulitangaziwa euro bilioni 5.5, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kwenye mpango. Rais William Ruto alikuwepo. Maandalizi yalikuwa safi, picha safi, na ujumbe uliorudiwa ulikuwa wa ushirikiano wa watu walio sawa. Kisha Moussa Faki, mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, akasimama na kusema kwamba wangependa kushauriwa kabla. Sentensi moja ya mgeni, ndani ya ukumbi uleule, ilitosha kutoboa ujumbe wa wiki nzima.

Hapa ndipo mwandishi anayejua Kiswahili na Kiitaliano ana soko ambalo Mwitaliano hana. Anajua neno gani likitamkwa Roma litasikikaje Nairobi. Anajua kwamba msikilizaji wa Mombasa akisikia jina la mtu wa mafuta atauliza swali la mafuta. Kama ofisi fulani itakuita uwasaidie na habari za Afrika, usikubali kuwa mtafsiri wa taarifa zilizokwisha kuandikwa. Omba uione taarifa kabla, na useme wazi kipi kitakwama. Wasipokusikiliza, umeshaijua thamani yako pale, na unaweza kuondoka bila chuki.

Kuhusu maisha ya kila siku ya ofisi nitapita haraka. Mashirika ya habari kwanza: ANSA, AGI, Adnkronos, LaPresse, kwa wakati mmoja, kwa maandishi yaleyale. Jibu simu ya gazeti dogo la upinzani kwa muda uleule unaojibu ya gazeti kubwa la rafiki. Makundi ya WhatsApp ya waandishi ni ya taarifa, si ya ubishi. Mwandishi akikosea, mpigie yeye kabla ya kumpigia mhariri wake. Na usidanganye kamwe, hata mara moja, hata kwa jambo dogo kama saa ya kuondoka kwa ndege. Njia ya mwongo ni fupi kila mahali, ila kwenye mji wenye waandishi wa siasa wengi waliobanana mtaa mmoja kati ya Piazza Colonna na Montecitorio, ni fupi zaidi. "Siwezi kulizungumzia" ni jibu halali. "Si kweli" ni jibu la kutumia pale tu unapojua kwamba si kweli.

Antonio Ghirelli ndiye ninayewaambia vijana wamsome kwa makini. Mtu wa Napoli, aliyezaliwa 1922, aliyejijengea jina kwenye michezo. Aliongoza Corriere dello Sport na aliandika historia ya kandanda ya Italia. Mwaka 1978 Sandro Pertini alipokuwa rais alimchukua kuongoza ofisi ya habari ya Quirinale, ikulu ya rais. Mwaka 1980, rais akiwa ziarani Hispania, yalitoka maelezo yaliyomgusa waziri mkuu wa wakati ule, Francesco Cossiga, na Roma ikawaka. Ghirelli aliibeba lawama na akaondoka, na inasimuliwa kwamba alimkinga msaidizi wake. Angeweza kutaja jina na kubaki. Miaka mitatu baadaye Bettino Craxi alipokuwa waziri mkuu alimteua kuwa msemaji, naye alikuwa kwenye nafasi hiyo Oktoba 1985 wakati wanajeshi wa Italia na wa Marekani walipotazamana kwa silaha kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Sigonella, Sisilia, kwa ajili ya ndege ya Misri iliyobeba watekaji wa meli Achille Lauro. Baada ya hapo aliongoza taarifa ya habari ya TG2 na gazeti la Avanti!. Hakuna aliyemwona kuwa mtu aliyeharibika. Waandishi walijua kilichotokea 1980, na sidhani kama lilimdhuru.

Wengine wameondokea siasani. Paolo Bonaiuti, naibu mhariri wa zamani wa Il Messaggero, alimsemea Berlusconi kwa miaka mingi huku akiwa mbunge na naibu waziri ofisini kwake, hadi walipoachana kisiasa 2014. Antonio Tajani alitoka Il Giornale, akawa msemaji wa Berlusconi mwaka 1994, akaishia kuwa rais wa Bunge la Ulaya na sasa ni waziri wa mambo ya nje. Sensi mwenyewe alichaguliwa mbunge 2018, seneta 2022. Hiyo ni njia halali, ila ukiichukua usirudi tena kujiita mwandishi asiye na upande. Wasomaji wa Italia wamezoea watu kuvuka huku na huku na wana uvumilivu mwingi kuliko ningependa. Hata hivyo nakushauri uandike wasifu wako waziwazi chini ya makala: nilimtumikia fulani, kuanzia mwaka fulani hadi fulani.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa serikali, uliza mambo matatu kwa maandishi. Chombo chako cha habari kitakupa likizo bila malipo na nafasi yako itakusubiri, au unajiuzulu? Mkataba unakoma lini hasa, siku serikali inapojiuzulu au siku mpya inapoapishwa? Maana katikati ya hizo mbili zinaweza kupita wiki, na ofisi bado inafanya kazi. Na michango yako ya pensheni inakwenda mfuko gani? Vijana huona aibu kuuliza la tatu. Waulize waliorudi kama hawajajuta kutouliza.

Na kwa aliye mwanzoni kabisa, ambaye Kiitaliano chake bado kinachechemea, fungua Rai Radio 3 asubuhi usikilize Prima Pagina. Kila wiki mwandishi mmoja tofauti husoma magazeti yote ya siku hiyo hewani, kisha wasikilizaji wanapiga simu na kumbana kwa maswali. Mchana weka Radio Radicale, inayorusha vikao vya Bunge vizima bila kukatwa na kuvihifadhi vyote kwenye tovuti yake, bure. Sikiliza kikao, andika habari yako ya maneno mia tatu, kisha kesho yake linganisha na walichoandika magazeti. Pale mlipotofautiana, rudi kwenye rekodi uone nani alisikia vizuri. Mara nyingine utakuwa wewe.